Likasi Haihitaji Baba Mwingine

Mfuko wa unga wa kilo 25 una hesabu yake, na mama wa komuni ya Kikula, Likasi, anaijua bila kushika kalamu. Nyumba ya watu 8 ikisonga bukari mara moja tu kwa siku humaliza kilo mbili na nusu hivi. Siku ya 10 mfuko ni mtupu, unakung'utwa na kutiwa makaa. Kama ulichapwa picha na jina la aliyeutoa, picha hiyo hukaa jikoni miezi mingi baada ya unga kwisha.

Hivyo ndivyo hisani inavyofika mara nyingi Likasi, kama inavyofika miji mingine ya mkoa wa Haut-Katanga: Lubumbashi, Kambove na Kipushi. Lori linaingia mtaani, foleni inapangwa, kiongozi anatoa hotuba, kamera zinawashwa, mifuko inagawiwa, lori linaondoka. Wakazi wanafahamu pia kwamba malori huongezeka uchaguzi unapokaribia, na Kongo imepiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Kati ya kura moja na nyingine njaa haikupumzika.

Mifuko ile haistahili kudharauliwa. Mtoto aliyelala bila kula jana anahitaji kula leo, na anayempa chakula ametenda wema, awe na nia gani moyoni. Lakini Likasi ina haki ya kudai zaidi ya hapo, tena ina sababu ambayo miji mingi haina. Mji huu uliwahi kulelewa na mfadhili mmoja kuanzia wodi ya uzazi hadi makaburini, na ukaona kwa macho yake kilichotokea mfadhili huyo alipoanguka.

Likasi ni mtoto wa shaba. Wabelgiji waliuita mji huu Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi aliyepanda hadi kuiongoza kampuni ya Société Générale ya Brussels, na jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga viwanda vyake Panda na Shituru, na kando ya viwanda ikapanga makambi ya wafanyakazi kwa mistari iliyonyooka. Mwanzoni kampuni ilileta vijana kwa mikataba mifupi, wakichoka wanarudishwa kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili hesabu: mfanyakazi aje na mke, akae, azae, na wanawe warithi kazi.

Ili akae, kampuni ilimpa kila kitu. Ilimpa nyumba na ilimpa posho ya chakula: unga, mafuta ya mawese, karanga, samaki au nyama. Mke akishika mimba, anapokewa na muuguzi wa kampuni. Mtoto akikua, anaandikishwa shule ya kampuni. Wanawake walifundishwa kushona na kutunza nyumba katika vituo vya kijamii vya kampuni, na mtu akifa, kampuni ilihusika na jeneza. Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni mpya baadaye ikapewa jina la Gécamines, malezi hayo yaliendelea. Katanga nzima ikawa na msemo kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Inafaa kukumbuka kwamba malezi hayo hayakuanza kwa huruma. Mtu aliyeshiba hufanya kazi vizuri, na mtu ambaye nyumba, shule na dawa za wanawe vyote viko mkononi mwa mwajiri hufikiri mara mbili kabla ya kugoma. Hata hivyo watoto walisoma kweli, wagonjwa walitibiwa kweli, na wazee wa Panda wanaposimulia enzi za Gécamines sauti zao hubeba fahari ambayo hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya.

Kisha baba akaugua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba na ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, iliporomoka. Mwaka uliofuata ghasia na uporaji vilipita katika miji ya nchi, Likasi ikiwemo. Ilipofika mwaka 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mishahara ilichelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Unga wa kampuni ukakatika. Madawati na dawa vikaisha katika majengo yaleyale yaliyokuwa fahari ya mji. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu familia hizo, na katika jina la kitabu chake anawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Alichokieleza Dibwe kwa upana, yeyote aliyekulia katika makambi yale anaweza kukisimulia. Baba wa nyumba, aliyezoea kuleta mfuko wa unga na kuheshimiwa kwa ajili yake, alibaki kitini. Mama alishika jembe akalima mahindi na viazi vitamu nje ya mji, akauza matembele, makaa, samaki wa kukausha kutoka ziwa Tshangalele, maandazi ya asubuhi. Familia za Likasi ziliokolewa na akina mama hao, si na shirika lolote.

Miaka hiyohiyo ilikuwa na jambo lingine ambalo mji huu huligusa kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga na wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines tangu enzi za babu zao, walifukuzwa majumbani mwao. Hapa Likasi makumi ya maelfu walisongamana kwenye stesheni ya reli na katika majengo ya shule wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambako wengine hawakuwahi kufika. Watu walikufa pale kwa kuhara, surua na njaa. Madaktari Wasio na Mipaka na watu wa makanisa waliwahudumia. Majirani wengine walipitisha chakula kwa siri, wengine walifunga milango. Anayetaka leo kuandika orodha ya familia za kusaidiwa Likasi lazima aanze kwa kulikumbuka jambo hilo. Orodha inayopitia chama cha kabila au cha watu wa asili fulani, hata ikiwa na nia njema, inafungua jeraha ambalo halijapona. Orodha halali ni ya mtaa: nyumba kwa nyumba, mwenyeji na aliyehamia jana, kila mmoja kwa shida yake.

Mwaka 2003 ukaja msaada mkubwa kuliko wote, na ulikuja na jina la kutoka kazini kwa hiari. Kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa mkupuo mmoja ili waache kazi. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Kukataa kulimaanisha kuendelea kungoja mshahara usiokuja. Wengi walikuwa watu wa makamo waliofanya kazi moja maisha yao yote. Wapo walionunua gari la abiria likafa barabarani ndani ya mwaka, wapo waliolipa madeni na ada za shule fedha zikaisha, wapo waliofungua duka katika mtaa ambao kila jirani alifungua duka wiki ileile. Mwaka 2009 kundi la wafanyakazi hao wa zamani lilipeleka malalamiko mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Malalamiko hayo yanazaa swali rahisi: kwa nini mpango wa kuwasaidia ulikamilishwa kabla wao hawajaulizwa wanahitaji nini?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa kila taasisi ya hisani inayokanyaga Likasi leo, kubwa kwa ndogo, ya mwanasiasa, ya kampuni, ya kanisa au ya Wakongo walioko Ulaya. Aliyepanga msaada huu alizungumza na nani? Na atakapoondoka, nani ataendelea?

Zipo taasisi zenye jibu. Huko Kalebuka, pembezoni mwa Lubumbashi, shirika la Malaika liliundwa mwaka 2007 na Noëlla Coursaris Musunka, binti wa Lubumbashi aliyefiwa na baba akiwa mdogo na kulelewa Ulaya na ndugu. Shule yake ya bure ya wasichana ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa na madarasa machache ya watoto wadogo, kisha ikapanda darasa baada ya darasa pamoja na wanafunzi wake hadi kufikia wasichana zaidi ya 400. Watoto wanakula shuleni. Vimechimbwa visima, na kituo cha jamii kinafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kushona. Shirika lilipoanza, Kalebuka haikuwa na umeme wala maji. Kilichofanya kazi pale ni kwamba shirika lilichagua mtaa mmoja likakaa. Shida mpya inapotokea, iwe maradhi au bei ya unga kupanda, wahitaji hawatafutwi kwa kipaza sauti. Walimu wanajua tayari ni nyumba ipi imekosa chakula, kwa sababu mtoto wa nyumba hiyo yuko mbele yao kila asubuhi.

Kolwezi kuna masista wa Bon Pasteur, waliofika mwaka 2012 na kukuta watoto wakiokota na kuosha madini badala ya kwenda shule. Wangeweza kugawa madaftari wakapiga picha. Walianza kwa kukaa na wazazi, na waligundua kile ambacho kila mama wa mgodini angewaambia: mtoto hawezi kutolewa mgodini kama mlo wa jioni unatoka mgodini. Kwa hiyo pamoja na darasa la watoto wakaanzisha mafunzo ya kazi kwa wasichana na wanawake, kilimo kwa familia, na mikutano ya kuwafahamisha wakazi haki zao mbele ya kampuni na serikali. Hilo la mwisho ndilo linalogharimu kidogo kuliko yote, na ndilo wafadhili wengi wanaliogopa.

Likasi yenyewe ina hazina ambayo mashirika mengi hupita bila kuiona. Ingia kwenye kilio chochote, Panda au Shituru, utakuta meza ndogo karibu na mlango, juu yake daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Anayefika kutoa pole anataja jina, anaweka alichonacho, na mwandishi, mara nyingi kijana mwenye mwandiko mzuri, anaandika jina na kiasi. Noti zimekunjwa, nyingine zimechakaa hadi namba hazisomeki vizuri. Jioni hesabu inasomwa mbele ya wafiwa na wazee: kiasi kilichoingia, kilichonunua jeneza, kilicholisha watu, kilichobaki. Hakuna mkaguzi wa hesabu aliyesoma chuo pale, na daftari hilo linaaminika kuliko ripoti nyingi za kurasa mia moja.

Likelemba inakwenda kwa utaratibu huohuo. Wanawake wa soko moja wanachanga kila juma na mmoja anabeba kapu lote, zamu kwa zamu. Kwa fedha hizo mtoto anarudi shule, biashara iliyokufa inafufuliwa, paa linaezekwa. Kasoro ya likelemba ni kwamba inategemea kila mwanachama kuwa na chochote cha kuchanga, na shida inapoupiga mji mzima kwa pamoja, kapu linakauka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2008, bei ya shaba iliposhuka kutoka karibu dola 9,000 kwa tani mwezi Julai hadi chini ya dola 3,000 Desemba, na kampuni nyingi za Katanga zikafunga milango ndani ya wiki chache. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, ukame ulipoiunguza Zambia hadi Rais wa nchi hiyo akatangaza janga la taifa mwezi Februari, wakati unga wa Haut-Katanga kwa sehemu kubwa hupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka hukohuko. Na Februari 22, 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, ikiwa na sababu zake za msingi kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka vibaya, hadi utaratibu wa mgao ulipoanza Oktoba mwaka huohuo. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kwa taifa, lakini mchimbaji mdogo ambaye mifuko yake ya madini haikupata mnunuzi hakuwa na akiba ya miezi minane.

Hapo ndipo taasisi ya hisani ina nafasi yake halisi. Kapu la likelemba likikauka kwa sababu mji mzima umepigwa, fedha kutoka nje ya mji zinaweza kulijaza hadi bei zirudi, bila kuunda kamati mpya wala kununua gari jipya lenye nembo. Mama anaendelea kuchanga kwa wenzake, kwa daftari lilelile.

Wapo wanaosema maskini akipewa fedha taslimu atazinywa. Kenya imelijibu hilo kwa ushahidi. Katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 fedha zenye thamani ya takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia mamia ya vijiji, vilivyopata na visivyopata. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kila dola moja iliyoingia ilizungusha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, na hata jirani ambaye hakupewa chochote alinufaika, kwa sababu aliuza, alijenga, alishona. Bei hazikupanda kwa kiasi cha kutisha. Likasi, ambako M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimo mikononi mwa wauza mboga, haina kikwazo cha kiufundi cha kufanya jambo la aina hiyo.

Kikwazo ni uaminifu, na Kongo ina somo lake. Shirika hilohilo lilipofanya kazi Kivu Kusini, mwaka 2022 takriban dola 900,000 zilizokusudiwa kwa familia maskini ziliibwa, baadhi ya wafanyakazi wake wakihusika. Kwa sababu ya usalama mdogo, wafanyakazi waliruhusiwa kusajili laini za simu kwa niaba ya wanavijiji, na kupitia mlango huo fedha zikatoka. Shirika lilitangaza hasara yake lenyewe mwaka 2023, likaeleza namna wizi ulivyofanyika. Kutangaza kule kunastahili heshima. Ni mashirika mangapi yanayogawa unga Haut-Katanga yamewahi kubandika ukutani, hata mara moja, idadi ya mifuko iliyonunuliwa na idadi iliyofika?

Ubandikaji huo haugharimu chochote. Karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya komuni, kwa Kiswahili na Kifaransa: fedha zilizoingia, zilizotoka, mitaa iliyofikiwa, jina la mtu wa kuulizwa. Kama kilio kinaweza kusoma hesabu zake hadharani kabla jua halijazama, taasisi yenye ofisi, kompyuta na mhasibu haina udhuru.

Jambo zito kuliko hayo yote linahusu fedha ambazo si hisani hata kidogo. Mwaka 2018, kwa sheria ya Machi 9 iliyorekebisha kanuni za madini za mwaka 2002, Bunge la Kongo liliamua kwamba kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Kampuni inayouza madini ya dola milioni 100 inadaiwa dola 300,000 kila mwaka. Fedha hizo zinapaswa kusimamiwa na chombo maalumu chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii wakikaa meza moja. Tofauti na hizo, kuna mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, komuni, sekta au himaya ya kichifu ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pia kila kampuni inatakiwa kutia saini na wakazi mkataba wa ahadi zake za kijamii.

Mkazi wa Shituru anayeishi chini ya moshi wa kiwanda amekwisha kuchangia mauzo hayo kwa mapafu yake. Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wamebeba kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana. Kwa hiyo kampuni ikijenga madarasa mawili kwa fedha ambazo sheria inaidai, kisha ikayazindua kwa ngoma chini ya bango la taasisi yake ya hisani, wazazi wa eneo hilo wamelipwa sehemu ya deni na wametakiwa kupiga makofi. Wanaopigania haki za jamii za migodini wana sababu ya kukasirika. Taasisi ya kampuni inayotaka kuheshimiwa ianze kutoa pale deni la kisheria linapoishia, na iseme wazi franki ipi ni ya deni na ipi ni ya moyo.

Kutofautisha huko kuna faida kubwa wakati huu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Kwa nchi ambayo mfadhili wake mkubwa wa kibinadamu alikuwa Marekani, pengo hilo limeachia mashirika binafsi mzigo ambao hayakuuzoea, na macho ya mashirika hayo kwa haki kabisa yameelekea Kivu na Ituri, kwenye vita na kambi za wakimbizi. Likasi haina vita. Haitapewa kipaumbele, na hilo ni jambo la kukubali bila wivu. Fedha za karibu, za madini yanayotoka chini ya miguu ya watu wake, ndizo zitakazopaswa kubeba sehemu kubwa.

Zingeanzia wapi? Hospitalini pangekuwa mahali pazuri. Mama anajifungua salama, kisha anabaki wodini siku na siku kwa sababu familia haijalipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu hospitali kubwa ya mkoa jijini Lubumbashi ulieleza kwa kina jinsi wanawake na watoto wachanga wanavyozuiliwa kwa deni, wakitegemea ndugu au kanisa kwa chakula, huku bili ikiongezeka kila siku wanayozuiliwa. Serikali ilianza mpango wa uzazi wa bure Kinshasa mwaka 2023 na imekuwa ikiupeleka katika mikoa mingine. Mpaka utakapofika kila wodi na kulipa kila bili, mfuko mdogo wa dharura unaokaa hospitalini, unaoidhinishwa na muuguzi mkuu pamoja na mjumbe wa mtaa, ungewarudisha wanawake hao nyumbani. Mganga wa hospitali angelipwa haki yake, na familia isingeuza shamba la mahindi kabla ya mavuno ili kumkomboa mtoto mchanga.

Hakuna lori linalohitajika kwa kazi hiyo, wala jukwaa, na huenda ndiyo maana haivutii. Taasisi zinazoongozwa na watu wenye majina makubwa hupenda kitu kinachoonekana, na mama anayetoka wodini kimya na kifurushi mgongoni hapigwi picha vizuri. Viongozi wa taasisi hizo wana uwezo wa kuamua vinginevyo. Wengi wao ni wana wa Katanga, wamekula unga wa Gécamines utotoni, na wanajua kwa undani aibu ya mzee aliyebaki kitini.

Wakazi nao wana sehemu yao. Kamati ya mtaa inayokubali kupokea mifuko bila kuuliza hesabu inajifunza kutouliza, na ikishazoea haitauliza hata kuhusu asilimia 0.3. Wajumbe wa jamii katika vyombo vinavyosimamia fedha hizo wanapaswa kurudi mtaani na daftari, kama mwandishi wa kilio, wasome mbele ya watu. Walimu wakuu wanaoweza kutaja familia zilizoshindwa, viongozi wa masoko wanaojua likelemba ipi imekauka, mapadri na wachungaji na maimamu wanaotembelea wagonjwa, wote wakae na wawakilishi wa kampuni kabla bajeti haijapangwa.

Mwaka wa shule unaanza Septemba. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa bure katika shule za serikali tangu mwaka 2019, lakini sare, madaftari na ada za sekondari bado viko juu ya wazazi. Kampuni zinazochimba na kuchenjua madini kati ya Likasi na Kambove zina muda wa kutosha kubandika kabla ya shule kufunguliwa mauzo yao ya mwaka uliopita, asilimia 0.3 yake, na kiasi kilichotumika. Taasisi za hisani zina muda uleule wa kukaa na walimu wakuu wa Kikula, Panda, Shituru na komuni ya Likasi na kupata majina ya watoto waliokatiza masomo muhula uliopita. Majina hayo tayari yameandikwa, yapo katika rejista za darasa.